Dumu Lililopasuka na Kisigino cha Mtoto

Dumu la lita 20 likipasuka kitako, usilitupe. Lioshe kwa sabuni, lianike, kaliweke stoo. Liwekee pembeni tyubu ambayo fundi ameikataa kwa wingi wa viraka, tairi lililoisha meno, waya laini uliobaki wakati wa kufunga nondo za msingi, kipande cha turubai na sponji la godoro lililochoka. Vyote hivyo vina kazi kwenye baiskeli. Hapa kwetu Ifakara baiskeli hubeba mpunga, maji, mgonjwa na mwanafunzi, lakini naona vitu hivi vikichomwa uani pamoja na takataka, na kesho yake mwenye nyumba anakwenda dukani kununua plastiki nyembamba isiyomaliza masika moja.

Naanza na dumu, kwa sababu ndilo nililochelewa kujua kazi yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpakia mpwa wangu kwenye keria nimrudishe kwa dada. Alikuwa na miaka 6. Jua lilikuwa linazama, barabara kavu, nami nakanyaga taratibu kabisa. Ghafla baiskeli ikagoma, kama kwamba mtu amelidaka gurudumu la nyuma kwa mkono. Kisha nikasikia sauti ndogo mgongoni kwangu: "Mjomba, mguu." Kisigino chake cha kulia kilikuwa kimeingia katikati ya spoku na chuma cha keria. Ilinibidi nizungushe gurudumu kinyumenyume, kidogo kidogo, ili kukitoa. Ngozi ilikuwa imechubuka mahali pa ukubwa wa kizibo cha soda, damu ya kupangusa tu. Nikamwosha, nikamfunga kitambaa, nikamwambia dada yameisha. Siku ya nne ngozi yote ya nyuma ya kisigino ilikuwa imegeuka nyeusi. Alikaa wiki sita bila kuvaa kiatu, na shule akaikosa.

Nimelieleza hili kwanza ili usifanye kosa langu. Jeraha la spoku hudanganya. Gurudumu huisaga nyama na kuibana dhidi ya chuma, na uharibifu wa ndani unaweza kuwa mkubwa wakati juu panaonekana mchubuko tu. Mtoto akinaswa, usimvute mguu kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma au kata spoku. Osha jeraha kwa maji safi mengi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama anatembea. Dawa ya meno, majivu na oili visiguse kidonda.

Kinga yake inatoka kwenye lile dumu. Kata ubavu wake mpana kwa msumeno wa chuma, au kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Kazi hiyo ifanyie nje, maana moshi wa plastiki haufai kifuani. Unatafuta kipande cha kama sentimita 35 kwa 28, na utahitaji viwili, kimoja kila upande wa gurudumu. Dumu lina mkunjo wake wa kuzaliwa, na ukiuacha ulivyo, kipande kitajikunja na kulalia spoku. Kimwagie maji yanayochemka pande zote, kikandamize haraka kati ya mbao mbili, weka tofali tatu au nne juu, uache mpaka kipoe kabisa. Mkunjo kidogo utakaobaki ugeuzie nje.

Pembe zote nne zizungushe kwa kufuata ukingo wa kikombe, kwa sababu pembe kali ya plastiki hukata muundi kama bati. Sasa shika msumari wa inchi 4 kwa koleo, upashe mpaka uwe mwekundu, utoboe matundu mawili mawili: mawili juu yatakayofungwa kwenye ukingo wa keria, mawili nyuma kwenye chuma cha keria kinachoshuka hadi kwenye ekseli, mawili mbele kwenye lile bomba la fremu linalotoka chini ya kiti. Kila jozi ipitishe waya, uunyonge kwa koleo, ncha zikunjie kwenye chuma na kuzivalisha ukanda wa tyubu zisije zikachana mtu. Hakikisha kipande kimekaa nje ya vyuma hivyo, si ndani, na kati yake na spoku vidole viwili vinapita. Upande wa cheni kata pembe ya chini ili plastiki isikutane na friwili.

Ukimaliza, usimpakie mtoto kwanza. Ipindue baiskeli, zungusha gurudumu, halafu sukuma kinga kwa kiganja kwa nguvu ya mtu mzima. Ukisikia tik-tik-tik ya spoku kwenye plastiki, haijafaa. Ongeza jozi nyingine ya matundu katikati, kaza, rudia. Mguu wa mtoto anayeshtuka husukuma kwa nguvu kuliko unavyodhani.

Tena kinga bila pa kukanyagia ni nusu ya kazi. Mguu unaoning'inia huchoka, na ukichoka hutafuta pa kujishikiza. Wengi hutengeneza vikanyagio kwenye ekseli ya nyuma, ambavyo vinamfaa mtu mzima, lakini miguu ya mtoto wa miaka 5 au 6 haifiki kule chini. Kwake kata mikanda miwili ya tairi yenye upana wa vidole vitatu, uining'inize kwenye keria kama vikuku vya farasi, chini yake iwe na nafasi ya unyayo tu, nayo ilalie juu ya ile plastiki. Mpime akiwa amekaa: goti likunjike kidogo, kisigino kiwe nyuma ya kikuku kikiiegemea kinga. Chini ya makalio weka sponji la godoro lililovalishwa turubai. Wale vijana wa Busia walioanza kuvusha abiria mpakani miaka ya 1960, ambao kazi yao ndiyo iliyozaa jina la boda boda, walianza na mto wa namna hiyo juu ya keria. Anayekaa vizuri hachezichezi, na asiyechezacheza haingizi mguu kwenye spoku.

Uholanzi, nchi ambako baiskeli ni nyingi kuliko watu, sheria inadai mtoto wa chini ya miaka 8 anayepakiwa awe na kiti kinachomshika mgongo, mikono na miguu. Baiskeli zao nyingi pia huvalishwa kitambaa kigumu ubavuni mwa gurudumu la nyuma, kuzuia koti na gauni. Sisi tuna khanga na vitenge vinavyopepea kuliko koti lolote, na mama anayekaa upande mmoja akiwa na mtoto mgongoni anastahili kinga hiyo hiyo. Dumu moja linatosha.

Tyubu nayo, katika vitu vyote vya kuokoteza, ndiyo ninayoipenda kuliko vingine. Ikate kwa urefu iwe ukanda, usiikate vipande vifupi. Mkasi wa kawaida utakusumbua. Paka wembe wa mkasi maji ya sabuni, utateleza. Tyubu ya baiskeli hutoa mikanda miwili ya upana wa vidole viwili na zaidi. Ya pikipiki ni nene, hutoa mitatu, nayo ndiyo ya mizigo mizito.

Watu hufunga gunia la mpunga kwa kamba ya manila, wakaivuta mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Baada ya kilomita mbili za mashimo mpunga umeshindilika, gunia limepungua unene, na kamba iliyokuwa imekaza sasa inalegea. Gunia linaanza kulala upande. Ukanda wa tyubu uliovutwa vizuri hauna tatizo hilo, maana mzigo ukipungua, mpira nao unajirudi na kuendelea kubana. Kwa hiyo kamba iwepo kwa ajili ya kuzuia mzigo usidondoke, na tyubu juu yake kwa ajili ya kubana. Anza chini kwenye chuma cha keria, panda juu, vuka, shuka upande wa pili, ukivuta mpaka ukanda upungue upana nusu. Mwisho wake uchomeke chini ya mzunguko uliotangulia, mara mbili. Usiache mkia unaning'inia hata kidogo. Gurudumu huudaka, likauzungusha kwenye habu, na hapo unaruka juu ya usukani.

Tyubu ina kazi nyingine ndogondogo ambazo sitazieleza kwa kirefu. Zungushia kwenye usukani badala ya vishikio vilivyochakaa. Weka kipande chini ya kila kibano cha keria kabla ya kukaza nati, nati haitalegea upesi kwa mtikisiko. Funika kiti kilichopasuka. Ila kumbuka jua huuchosha mpira. Ukiuvuta ukanda na kuona vinyufa vidogo kama vya udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, utupe, usisubiri ukatike na mzigo njiani.

Na mzigo uukalishe wapi? Hesabu spoku za baiskeli nyeusi ya inchi 28: kwa desturi mbele ni 32, nyuma ni 40. Waliozibuni walijua uzito unakaa wapi. Lakini hata gurudumu la spoku 40 linataka mzigo uwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukiusogeza nyuma zaidi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba, na kwenye mwinuko baiskeli inataka kusimama kama farasi. Ndiyo maana madumu ya maji hufaa yakining'inizwa pembeni, chini, mawili huku na mawili kule. Manne yaliyojaa yanavuka kilo 80 na bado mtu anaisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, kwa sababu uzito uko karibu na ardhi na pande zote zimelingana. Hata dumu lililopasuka linaweza kugeuzwa kapu la pembeni: kata bega lake juu, toboa mgongo, lifunge kwenye keria kwa mikanda ya tairi. Litapokea mboga, panga, hata samaki, maana linaoshwa.

Mzigo ukizidi nguvu ya kukanyaga, shuka usukume, na usukume kwa akili. Mwaka 1954, kwenye vita vya Dien Bien Phu kule Vietnam, wachukuzi walibeba chakula na silaha milimani kwa baiskeli za kawaida walizozifanyia kazi kwa mikono. Walifunga mti wa mwanzi kwenye usukani, mrefu wa kutosha mtu kuongoza akiwa anatembea pembeni. Mti mwingine waliusimamisha nyuma ya kiti, wa kushika na kusukumia. Matairi waliyaimarisha kwa vitambaa na tyubu kuukuu. Baiskeli moja ilibeba zaidi ya kilo 200. Fanya vivyo hivyo. Tafuta mti mkavu usio na fundo, unene wa mpini wa jembe, ulaze kando ya usukani, uufunge kwa tyubu sehemu mbili zilizoachana kwa shubiri moja. Ukifunga sehemu moja utageuka mkononi mwako. Mgongo utakushukuru, maana anayesukuma mzigo kwa kuinama kwenye usukani hufika nyumbani akiwa amekunjika.

Sasa matope. Udongo mweusi wa bonde la Kilombero ukilowa unakamata kama gundi, na madigadi ya chuma yanayokaa karibu na tairi hujaa mpaka gurudumu halizunguki. Ndiyo sababu wengi wameyang'oa, wakakubali kurushiwa tope mgongoni. Badala yake chukua ubavu mwembamba wa dumu, kata utepe wenye upana wa kiganja na urefu wa mkono wa mtu mzima, uulainishe kwa maji ya moto na kuukunja kwa kufuata ndoo. Ufunge nyuma chini ya keria, ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu ya tairi. Tope litapita. Kwa gurudumu la mbele utepe mfupi kwenye bomba la chini la fremu unatosha, kwa sababu tope linalokupata usoni linatoka pale. Usifunge plastiki ndefu kwenye foku la mbele: ikikatika upande mmoja hujikunja na kuingia kwenye gurudumu, na la mbele likigoma hakuna wa kukudaka.

Hapo nimefika kwenye swali ninalojiuliza kabla ya kufunga chochote cha kuokoteza: kikikatika, kitanichafua au kitaniangusha? Utepe wa nyuma ukikatika nitachafuka shati. Kapu likikatika nitaokota nyanya. Hivyo nitavijaribu bila woga. Lakini foku, usukani, ekseli, pedeli na breki, hivyo vikiachia naanguka mimi na niliyempakia.

Breki zinaniuma kuliko zote. Nimeona ndala iliyokatwa vipande ikachomekwa mahali pa raba za breki, tena mwenyewe anajivunia. Ndala ni sponji. Ukiwa peke yako, mwendo mdogo, ringi kavu, itashika, na ndiyo inavyokupa imani. Siku umepakia gunia na unateremka, inapata moto, inamenyeka, na chuma cha breki kinabaki kinasugua ringi. Mvua ikinyesha mambo huwa mabaya zaidi, maana ringi ya chuma chenye kromu ikilowa huteleza hata kwa raba halisi. Lazima ushike breki mapema, uipangushe ringi kwanza ndipo isimame. Raba za breki ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa dukani. Nunua. Kila asubuhi kabla ya kupakia, bana breki ya mbele na uisukume baiskeli: gurudumu lisizunguke hata kidogo. Fanya hivyo kwa ya nyuma pia. Anayetegemea unyayo wa kandambili juu ya tairi kama breki, huyo simpakizii mtoto wangu.

Kuchomelea nako kuna mipaka. Keria iliyovunjika ichomelewe, iongezwe nondo ya milimita 8 chini, hakuna neno. Fremu yenyewe usiikaribie kwa moto kama huna fundi aliyeizoea kazi hiyo. Bomba lake ni jembamba, na pembeni ya mshono hudhoofika, likavunjika baada ya miezi mahali palepale ulipodhani umepaimarisha. Ukitaka kufunga kitu kwenye fremu, kibane kwa kibano chenye mpira ndani. Usiitoboe.

Miiba ya njiani ina dawa ya zamani: tairi kuukuu ndani ya tairi zima. Kata kingo zote mbili zenye waya, ubaki na utepe wa katikati, uulaze ndani ya tairi, tyubu juu yake. Kazi iko kwenye ncha na pembeni, ambapo lazima uchonge kwa kisu kikali mpaka pawe pembamba kama jani la mhindi, la sivyo ukingo wake wenyewe utaisugua tyubu na kuitoboa. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, pancha zitapungua sana. Na usione haya kwa kazi hii ya nyumbani. Tairi la upepo tunalolitumia leo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alilitengeneza kwa karatasi za mpira na kitambaa akalifunga kwenye magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe, kisha akalipatia hataza mwaka 1888. Alikuwa anamtafutia mtoto wake mwendo laini.

Usiku, achana na zile sidii zinazofungwa nyuma. Sidii hung'aa mchana na kupendeza, lakini kama kioo chochote, mwanga wa gari huutupa upande mwingine, usimrudie dereva. Kile kipande chekundu cha plastiki chenye vipembe vidogovidogo ndani, kilichong'oka kwenye baiskeli au pikipiki mbovu, kimetengenezwa kurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Kiokote, kifunge chini ya keria, kitazame nyuma wima, na gunia lisikifunike. Kingine kifunge kwenye pedeli: kinapanda na kushuka, na dereva anajua mara moja kuwa mbele kuna mtu anayekanyaga. Tochi mbele.

Cheni ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ikauke, kisha oili kidogo, uipanguse. Mafuta ya kupikia usiyaweke, yanagandamana na kukusanya vumbi.

Mpwa wangu sasa ni mkubwa, anaendesha mwenyewe na kumpakia mdogo wake. Kinga niliyomfungia ni ya dumu la njano, ya tatu sasa, kwa sababu jua huikausha plastiki, na ukiikunja pembeni ikatoa alama nyeupe na mlio wa kukatika, muda wake umekwisha. Kila mwisho wa mwezi anaileta. Tunaipindua baiskeli uani, mimi nazungusha gurudumu, yeye anasukuma plastiki kwa kiganja na kusikiliza. Mwezi uliopita waya mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea. Akaunyonga mwenyewe, akavalisha tyubu kwenye ncha, akasukuma tena.